KUWASIMAMIA WATOTO WANAOJIFUNZA KUTUPA MKUKI
Hotuba kwa wazazi, walimu na wazee



Mwezi wa Agosti mwaka 2015, katika mji wa Beijing nchini China, Bwana Julius Yego wa Kenya alitupa mkuki umbali wa mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Watu walistaajabu sana, kwa maana Kenya ilikuwa imejulikana kwa wakimbiaji wake, wala si kwa watupaji. Tena walistaajabu zaidi waliposikia kwamba alijifunza mengi kwa kutazama katika intaneti picha za watupaji wa nchi nyingine. Sifa kama hiyo huingia moyoni mwa watoto. Mvulana akirudi kutoka malishoni huchonga kijiti, akakitupa juu ya boma la ng'ombe, naye hudhani kwamba yuko Beijing.

Kadhalika, tangu mwaka 2012, vijana wa Kimaasai wa upande wa Amboseli wamekuwa na mashindano yao, ambayo ndani yake hutupa mikuki na rungu. Nia ya mashindano hayo ni kwamba kijana aonyeshe ushujaa wake kiwanjani, badala ya kuuonyesha kwa kumwua simba. Hayo yote ni mambo mema. Mtoto atupaye mkuki hujifunza nguvu, shabaha na subira. Lakini mkuki haujui kwamba huu ni mchezo. Ukiachwa na mkono, haurudi kwa kuitwa.

MAMBO MAWILI YALIYOTOKEA

Mwezi wa Julai mwaka 2007, katika mashindano makubwa ya mji wa Rome, mkuki wa bingwa mmoja ulipotoka nje ya njia yake ukamchoma ubavuni Salim Sdiri, mrukaji wa Ufaransa, aliyekuwa mahali pengine kiwanjani akingojea zamu yake. Mtupaji yule alikuwa miongoni mwa watu hodari kabisa wa dunia, na hata hivyo mkuki ulimponyoka.

Mwezi wa Agosti mwaka 2012, katika mashindano ya vijana mjini Düsseldorf, Ujerumani, kijana wa miaka 15 alitupa mkuki. Mwamuzi mmoja, mzee wa miaka 74, akaenda mbele ili apime mahali utakapoanguka, nao ulikuwa haujatua bado. Ulimpiga shingoni, naye akafa. Mzee yule hakuwa mgeni wa kazi ile, wala kijana hakuwa na ubaya wo wote.

Yafaa kila msimamizi ayafikiri mambo hayo mawili. La kwanza lafundisha kwamba mkuki waweza kwenda usikotazamiwa. La pili lafundisha kwamba hatari kubwa si kutupa peke yake, bali ni mtu kuvuka mstari kabla ya wakati wake. Watu husema kwamba ajali haina kinga. Ajali ya namna hii ina kinga, na kinga yenyewe ni mstari na amri.

KIWANJA

Kwanza na achague mahali pasipo na njia ya watu, wala pasipopita ng'ombe na mbuzi. Katika vijiji vingi kiwanja cha shule ni njia ya kwenda mtoni na sokoni pia. Basi watoto wawili wakubwa na wasimame mbali pembeni, wawazuie wapitao mpaka mikuki yote itakapotua.

Mahali pa kuangukia mikuki papigwe mistari miwili inayofunguka kama pembe. Hesabu yake ni rahisi, wala haitaki chombo cha kupimia pembe: upana uwe nusu ya umbali kutoka ncha ya pembe. Penye umbali wa mita 20, upana ni mita 10. Penye umbali wa mita 40, upana ni mita 20. Ndivyo pembe ya viwanja vya mashindano ya dunia ilivyo. Lakini watazamaji wasiruhusiwe kusimama karibu na mistari hiyo, kwa kuwa mkono wa mtoto haujazoea kulenga. Wote wakae nyuma ya watupaji.

VYOMBO

Mkuki wa wanaume katika mashindano una uzito wa gramu 800, na wa wanawake gramu 600. Vijana walio chini ya miaka 18 hutumia mwepesi zaidi: wavulana gramu 700, na wasichana gramu 500. Mtoto mdogo kuliko hao asianze na chuma kabisa. Aanze na mpira, kisha kijiti chepesi kisicho na ncha. Desturi za wafugaji zilijua jambo hilo tangu zamani: mtoto mchungaji hubeba fimbo, na mkuki wa chuma ni wa morani.

Kila siku kabla ya mazoezi msimamizi na aikague mikuki yote kwa mkono wake mwenyewe. Ulio na ufa, au uliolegea ncha, uwekwe kando. Nyasi zikiwa zimelowa, mguu huteleza na mkono hauna nguvu ya kushika; siku hiyo ni heri watoto wakimbie mbio.

AMRI MOJA

Mwenye amri awe mtu mmoja tu, naye awe mtu mzima. Asimwachie kiranja kazi hiyo ili yeye akanywe chai. Watoto wasimame katika mstari mmoja, kati ya mtoto na mwenzake pawe na hatua nne au tano. Atumiaye mkono wa kushoto akae mwisho wa mstari upande wa kushoto, ili mkono wake usigongane na wa jirani. Wangojeao zamu wakae mbali nyuma, kwa sababu mtupaji huurudisha mkuki nyuma kabla ya kuutupa, na mkia wake pia waweza kutoboa jicho.

Amri ziwe chache, na ziwe zile zile kila siku: “Shika,” “Tupa,” “Okota,” na “Simama.” Amri ya “Simama” yaweza kutolewa na mtu ye yote, hata mtoto mdogo kuliko wote, akiona mbuzi au mtu amepita. Ikisikika, kila mkono na ushuke. Mtoto aliyepaza sauti bila sababu asichekwe, maana akichekwa leo, kesho atanyamaza pasipopasa.

KWENDA KUOKOTA

Hapa ndipo watoto wengi husahau. Mtoto akishatupa hutaka kukimbia ili aone amefika wapi. Asiruhusiwe hata kidogo. Mpaka mkuki wa mwisho uwe umetua, na msimamizi ahakikishe kwamba hakuna aliyeshika mwingine mkononi, hakuna wa kuvuka mstari. Kisha na waende wote pamoja, kwa mwendo wa kutembea. Mwenda pole hajikwai, na hasa mahali palipochomekwa mikuki ardhini, kwa kuwa mtoto akimbiaye huweza kujiangusha juu ya mkia wa mkuki ukamchoma uso.

Kabla ya kuung'oa, mtoto atazame nyuma yake kwanza. Kisha auvute taratibu, ausimamishe wima, ncha ikitazama chini, akaurudishe kwa miguu. Mkuki haurudishwi kwa kutupwa, hata kama mahali ni karibu. Mtoto avunjaye sheria hii aondolewe kiwanjani siku ile, hata akiwa hodari kuliko wote, hata akiwa mtoto wa mwalimu mkuu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

IKITOKEA AJALI

Mkuki ukimchoma mtu ukabaki mwilini, usitolewe. Watu wengi huuvuta upesi kwa huruma, kumbe ndio unaoizuia damu. Uzungukwe na vitambaa safi pande zote ili usitikisike, damu izuiwe kwa kukandamiza kando ya jeraha, mgonjwa asipewe chakula wala kinywaji, apelekwe hospitali mara moja. Basi msimamizi na ajue mapema, kabla ya kuanza mazoezi, ni gari la nani litakalopatikana na hospitali iliyo karibu ni ipi. Kutafuta gari wakati damu inatoka ni kuchelewa.

Pengine wako wazee watakaosema kwamba wao walijifunza bila mistari wala amri, na hawakudhurika. Lakini wazee hao walifundishwa na baba zao na kaka zao, kidogo kidogo kwa miaka mingi, macho ya mkubwa yakiwa juu yao kila siku. Siku hizi mwalimu mmoja huweza kuwa na watoto arobaini na saa moja tu. Mstari na amri ni badala ya yale macho mengi.

Mtoto anayeagwa asubuhi akaenda kucheza, mama yake humtazamia jioni. Mwenye kusimamia kiwanja cha mikuki amekabidhiwa tazamio hilo, naye na alirudishe nyumbani likiwa zima.