Zulia la Kijani Jarubani

Msikilizaji, kama unalima mpunga wa maji, hili unalijua. Umeshapandikiza, maji yametulia jarubani, mara unaona vijimea vya kijani vinaelea, kimoja hakizidi ukucha. Siku nne tano hivi, vimekuwa maradufu. Baada ya wiki kadhaa maji huyaoni tena, zulia tupu. Huko Mwea, Kenya, wanaliona kila msimu. Na wengi wetu tukiliona tunachukua reki, tunalikokota hadi kwenye tuta likaukie huko. Magugu, tunasema.

Mimi nasema tunatupa mbolea.

Mmea huo unaitwa azola. Ndani ya vijani vyake mna vijishimo, na humo wamejazana bakteria wa jamii ya mwani wa kijani-buluu. Hewa tunayovuta, sehemu 78 katika kila 100 ni naitrojeni, ile ile inayotuuma mfukoni tukinunua yurea. Mpunga hauwezi kuichukua kutoka hewani. Bakteria hawa wanaweza. Azola inawapa makazi na sukari, wao wanailipa kwa naitrojeni.

Wakulima wa Vietnam ya kaskazini waliutumia mmea huu miaka mingi kabla mtu hajawaeleza habari za bakteria. Kuna kijiji, La Van, kilichojulikana kwa kuihifadhi mbegu yake kipindi cha joto kali, kisha kuwauzia wengine msimu ukianza. Namna ya kuihifadhi waliifanya siri. Siri ya majani ya majini! Walijua thamani yake.

Sasa tupige hesabu, maana shambani maneno matupu hayajazi gunia. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Zulia la azola lililofunika ekari nzima vizuri linaweza kubeba kilo 15 na zaidi. Si mfuko kamili, lakini si haba.

Ila ikiwa hai, azola ni bahili. Ikielea tu, mpunga unaambulia kidogo sana. Ni mpaka ife na kuoza topeni ndipo inaachia ilichokusanya. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wameiacha inaelea msimu mzima, wakavuna kama kawaida, wakasema haina lolote. Tena inataka fosforasi. Ukiiona imebadilika rangi na kuwa nyekundu, huenda ina njaa ya fosforasi, au jua limeizidi.

Na kazi ipo, nisikudanganye. China nao waliitumia sana, lakini yurea ilipokuwa rahisi kupatikana, wakulima wengi waliiacha, kwa sababu kufukia tani kadhaa za majani mabichi kwa mikono si mchezo. Kwa hiyo simwambii mtu aache kununua mbolea. Namwambia apunguze pale anapoweza, hasa msimu ambao bei imepaa.

Basi safari hii, kabla hujashika reki, punguza maji jarubani, kisha ulikanyage zulia hilo topeni katikati ya mistari wakati wa palizi. Kama una mashine ya palizi ya kusukuma, pitisha hiyo. Halafu chota ndoo moja ya azola, uimwage kwenye kidimbwi chenye kivuli. Hiyo ndiyo mbegu yako ya mwakani.