Kangaruu wa Mwambani na Somo la Unururifu

(Mazungumzo na walimu wa fizikia na kemia, Kaunti ya Kilifi)



Mada ya unururifu humfikia mwanafunzi katika Kidato cha Nne, mtihani ukiwa mlangoni. Hukariri kwamba nusu-uhai ni muda ambao nusu ya atomi nururifu huoza, hufanya hesabu tatu za karatasi za miaka iliyopita, kisha huondoka akiamini kuwa jambo lenyewe ni la mabomu na mashine za hospitali. Hajaulizwa swali ambalo lingemfanya aihitaji hesabu ile: kitu hiki ni cha lini, na anayesema amejuaje?

Mfano mzuri wa swali hilo uko Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia. Chini ya mwamba mmoja, kwenye dari iliyoinama, kuna mchoro wa kangaruu wenye urefu wa mita 2 hivi. Ardhi hiyo ni ya Wabalanggarra, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Kwao michoro hii ni urithi wa mababu, na hawakuhitaji maabara kuwaambia hilo. Kilichokosekana ni idadi ya miaka. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Damien Finch wa Chuo Kikuu cha Melbourne, wakishirikiana na wenye ardhi, walitangaza kwamba mchoro huo ulichorwa kati ya miaka 17,500 na 17,100 iliyopita.

Mwalimu akifika hapo asiharakishe. Rangi ya mchoro ni ngeu, yaani udongo mwekundu wenye madini ya chuma. Haina kaboni ya kupimwa. Basi kaboni-14 ilipatikana wapi? Darasa liachwe libishane.

Jibu ni nyigu. Nyigu wa udongo hujenga viota kwenye miamba, na katika udongo wanaobeba huwamo vipande vidogo vya mkaa wa mioto ya nyikani. Mkaa ulikuwa mti. Mti ulipokuwa hai ulivuta kaboni-14 kutoka hewani. Ulipokufa, kaboni hiyo haikuongezwa tena, ikaanza kupungua kwa kugeuka naitrojeni, nusu kila miaka 5,730. Viota vitatu vilikuwa chini ya rangi na vitatu vilijengwa juu yake. Vya chini vilikuwepo kabla ya mchoraji, vya juu vilikuja baada yake. Umri wa mchoro umebanwa katikati, ingawa mchoro wenyewe haukupimwa.

Mwanafunzi akielewa sentensi hiyo ya mwisho ameelewa mengi kuliko aliyekariri kanuni. Hesabu nayo ni rahisi ajabu: nusu-uhai tatu ni miaka 17,190. Nusu, robo, thumni. Katika mkaa wa viota vile imebaki kama sehemu moja kati ya nane ya kaboni-14 iliyokuwamo. Maabara hufanya kazi zaidi ya hiyo, kwa sababu kiasi cha kaboni-14 hewani kimekuwa kikipanda na kushuka. Matokeo hurekebishwa kwa vipimo vya pete za miti na masalia mengine yenye umri unaojulikana. Kwa darasa, thumni inatosha kuanzia.

Vifaa havihitaji fedha. Karatasi ngumu ikatwe vipande 80, kila kimoja kitiwe alama upande mmoja. Vitikiswe katika mkebe, vimwagwe mezani, vilivyoonyesha alama viondolewe, vilivyobaki vihesabiwe na kurudishwa. Baada ya mara tatu vitabaki kama 10. Kundi moja litapata 8, jingine 13, na tofauti hiyo isifichwe: hakuna anayejua kipande kipi kitaondoka, lakini kundi zima hufuata mwendo. Vizibo vya soda havifai sana hapa, maana pande zake mbili hazilingani.

Kisha darasa lirudi nyumbani. Katika pango la Panga ya Saidi, humu Kilifi, yalipatikana mabaki ya mtoto wa miaka kati ya miwili na mitatu hivi, aliyezikwa kwa uangalifu takribani miaka 78,000 iliyopita. Watafiti, wakiwemo wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, walimpa jina la Mtoto na kutangaza habari zake mwaka huohuo wa 2021. Wapo wanaowaambia wanafunzi kwamba umri huo ulipimwa kwa kaboni-14. Haukupimwa hivyo, na mwanafunzi anaweza kugundua mwenyewe sababu. Miaka 78,000 ni zaidi ya nusu-uhai 13. Kingebaki kama sehemu moja kati ya 12,000. Kaboni-14 huishiwa nguvu kwenye miaka 50,000 hivi.

Mtoto alipatiwa umri kwa chembe za mchanga zilizomzunguka. Udongo una urani, thori na potasiamu kidogo, na mnururisho wake huweka nishati ndani ya chembe hizo mwaka baada ya mwaka zikiwa gizani. Maabara huzimulika, zikatoa mwanga wenye kulingana na muda zilizofukiwa. Bado ni unururifu, ila saa imebadilishwa.

Saa hii ina udhaifu mmoja ambao kila shule inayopanga ziara ya mapangoni inapaswa kuujua. Mwanga wa jua huifuta. Mchanga uliochokorwa kwa kijiti na kuachwa juani dakika chache hupoteza kumbukumbu ya maelfu ya miaka, na hakuna wa kuirudisha. Mkaa uliookotwa na kutiwa mfukoni nao haujulikani tena ulilala chini ya nini na juu ya nini. Kule Kimberley, viota viliguswa kwa ridhaa ya wenye ardhi, kwa kuwa kupima kiota ni kukiharibu. Huku, uchimbaji una sheria yake ya mwaka 2006 na vibali vyake, na mapango na kaya zina wazee wake. Mwalimu awaone wazee kabla ya siku ya ziara, na wanafunzi waingie na daftari na kalamu tu.