Usalama wa Malambo ya Watu Binafsi: Tuta, Utoro na Wakazi wa Bondeni



Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katikati ya masika yenye mvua kubwa, bwawa la Patel huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka. Watu zaidi ya 40 walikufa, wakiwamo watoto. Halikuwa bwawa la umeme wala la kulisha jiji. Lilikuwa bwawa la shamba, mali ya mtu binafsi, na ndiyo maana naanza nalo mbele ya wenye malambo.

Tumezoea kupima hatari kwa ukubwa wa lambo. Sikubaliani na kipimo hicho. Lambo lenye urefu wa mita 100, upana wa mita 50 na kina cha wastani cha mita 3 tunaliita dogo, kumbe limezuia tani 15,000 za maji. Linaloamua hatari ni nani analala bondeni chini yake. Lambo lililojengwa juu ya malisho matupu miaka 40 iliyopita huenda leo liko juu ya nyumba na shule, na mwenyewe bado analiona la kunyweshea ng'ombe tu.

Malambo mengi ni tuta la udongo, na udongo hauvumilii maji yapite juu yake. Yakishaanza kufurika hukata mfereji, mfereji hupanuka, na baada ya muda mfupi tuta halipo. Kinga yake ni utoro, yaani njia ya pembeni ya kupitishia maji ya ziada. Hapa ndipo wenye malambo wengi hujiponza: wakiona maji "yanapotea" utoroni, huuziba kwa mifuko ya mchanga ili wavune zaidi. Klabu moja ya matajiri huko Pennsylvania, Marekani, iliyomiliki bwawa la South Fork, iliweka nyavu utoroni samaki wake wasitoroke. Kilele cha tuta kilikuwa kimeshushwa ili magari ya farasi yapishane, na mabomba ya kutolea maji yalikuwa yameng'olewa zamani bila kurudishwa. Tarehe 31 Mei 1889 bwawa lilivunjika, na watu 2,209 wakafa katika mafuriko yaliyoikumba Johnstown.

Adui wa pili hujificha. Kila tuta huvuja kidogo; maji yanayotoka yakiwa safi, yaangalie kila juma. Yakitoka na tope, tuta linaliwa kwa ndani: punguza maji polepole na mwite mhandisi siku hiyohiyo. Chanzo huwa ni mashimo ya fuko na mchwa, udongo usioshindiliwa vizuri kuzunguka bomba, au mizizi iliyooza. Panda nyasi tutani, si miti. Mche ung'oe mapema. Mti uliokwisha kukua usiukate bila ushauri, kwani mizizi yake itaozea humo humo.

Kibali ni lazima kwa mujibu wa sheria za maji za Kenya na Tanzania. Hakishikilii tuta, lakini humleta mtaalamu kabla ya greda.

Naomba basi, kabla ya mvua zijazo, kila mwenye lambo ateremke bondeni kwa miguu, ahesabu nyumba, aandike namba za simu za wakazi na kuwaachia yake. Wakubaliane pia ni nani atakayewaamsha watu usiku, na wakimbilie upande upi.