Pamba Mbele, Mchicha Nyuma ya Nyumba
Mada kwa semina ya walimu na maafisa ugani, Bariadi



Nimeombwa nizungumzie bustani za nyumbani na namna zinavyomzoesha mtoto mazingira yake. Nitaanza na pamba, maana katika Simiyu huwezi kuanzia kwingine. Mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na Busega kutoka Mwanza, ndio unaotajwa kuongoza nchini kwa zao hilo. Kwa kaya nyingi za Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu mwaka huhesabiwa kwa pamba: kupanda Novemba na Desemba, palizi, kupulizia dawa, kuchuma, kisha mzani wa chama cha ushirika, AMCOS. Sisemi haya kwa kuidharau. Wengi tuliomo humu ukumbini tumesomeshwa nayo.

Lakini shamba la pamba humzoesha mtu kuitazama ardhi kwa jicho la aina moja. Chochote kinachoota humo na si pamba ni gugu. Mdudu yeyote ni adui mpaka ithibitike vinginevyo, na hakuna anayengoja ithibitike. Bomba la dawa liko mgongoni tayari. Msimu ukiisha, mabua hung'olewa na kuchomwa ili funza wa vitumba wasivuke kwenda msimu unaofuata, na ni sawa kufanya hivyo. Mtoto anayekulia humo anajua kazi. Viumbe vilivyomo shambani anavijua kidogo sana.

Chukueni mgagani. Kwenye pamba unang'olewa na kutupwa. Nyumbani mama anautafuta, na anajua unapenda kuota kwenye zizi lililohamwa, penye samadi ya zamani. Anajua uchungu wake hupungua ukichemshwa na kumwaga maji, au ukipikwa na maziwa. Binti anayefuatana naye anajifunza kwamba zizi lililohamwa si mahali palipokufa. Hakuna kitabu cha darasa la nne kitakachomweleza hivyo kwa uzito uleule, kwa sababu yeye atakula jioni alichokiona asubuhi.

Au kangambili, mdudu mwekundu anayechafua nyuzi za pamba. Aliyelelewa na bomba la dawa humwona kangambili katika kila kidudu chekundu. Aliyelea tuta la kunde nyuma ya nyumba atakuwa amewahi kuchuchumaa akatazama kijidudu kingine, cha mviringo, chekundu chenye madoa meusi mgongoni, kikiwala vidukari kwenye majani machanga. Akishaona hivyo mara moja atasita kabla ya kupulizia. Wakulima wa pamba hai wa Meatu, waliosajiliwa na kampuni ya bioRe tangu miaka ya 1990, hupanda alizeti ndani ya pamba ili funza wavutwe huko. Hiyo ni akili ya bustani iliyopelekwa shambani: kumpa mdudu pa kwenda.

Bustani inafundisha maji kuliko kitu kingine chochote. Mvua zetu hukoma Mei, na kuanzia hapo mito Simiyu na Duma hupungua mpaka sehemu nyingi watu wanafukua mchangani kupata maji. Mchicha wa Agosti unaishi kwa ndoo. Familia yenye matuta mawili ya mchicha wakati huo inajua maji ya kuoshea mchele yanaenda wapi, inajua kwamba maji ya kufulia yenye sabuni nyingi yanadhoofisha mboga, na inajua tofauti ya kumwagilia saa kumi na mbili asubuhi na saa nne. Inajua pia udongo wake. Wazee wetu waliutenga kwa majina kadiri mteremko unavyoshuka, luseni wa kichanga huko juu, mbuga nyeusi huko chini, na kila mmoja ukapewa zao lake. Kijana wa leo aliyezoea kulima kwa ng'ombe ekari kumi mfululizo hana sababu ya kuuliza. Mwenye tuta la hatua tatu lazima aulize, kwa kuwa tuta lililoinuliwa kwenye luseni hukauka kabla ya adhuhuri. Huko panafaa tuta la kuzama, lenye samadi iliyooza vizuri na matandazo ya nyasi juu yake.

Hapa niseme jambo ambalo semina nyingi huliruka. Ndoo hiyo hubebwa na nani? Mara nyingi na binti, baada ya kuchota maji ya kupikia na kabla ya daftari. Tukihimiza bustani bila kuuliza swali hilo tutakuwa tumemwongezea mtoto wa kike safari ya kisimani na kuiita elimu ya mazingira. Kaka yake anayechunga anajua majani anayoyapenda ndama na yale yanayomvimbisha tumbo. Ujuzi huo ni wa thamani, na ndiye mwenye samadi. Naye ashike ndoo.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, kwenye historia ya miti yetu. Eneo letu hili lilikatwa miti kwa bidii, kwanza kufukuza mbung'o, halafu kupisha pamba. HASHI, yaani mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilipoanza mwaka 1986, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado ndani ya Shinyanga, ilianza kama miradi mingi inavyoanza: vitalu vikubwa vya serikali na miche ya kugawa. Kilichoibeba mwishowe ni ngitili, malisho ambayo Wasukuma walikuwa wakiyafunga tangu mvua zinapoanza ili kiangazi wapate pa kulishia ndama na ng'ombe dhaifu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa imewahamisha watu mbali na ngitili zao, na mwaka 1986 zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ikapewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miti mingi humo haikupandwa na mtu. Visiki viliachwa vikachipua, kwa kuwa kulikuwa na kaya au kijiji kilichojua kuwa kuni, nyasi na asali vitarudi kwake, na kulikuwa na dagashida, baraza la jadi, ya kumtoza faini aliyeingiza mifugo kabla ya wakati.

Mtu hutunza kinachomrudia. Ndiyo maana ninatilia shaka sehemu kubwa ya bustani za shule zetu. Tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 shule nyingi zina shamba, lakini ulizeni wanafunzi nani hupelekwa kulima: mchelewaji, mpiga kelele, aliyesahau daftari. Mboga zikikomaa, mlimaji hazioni. Mtoto akishikishwa jembe kama adhabu kwa miaka saba, siku ya kupanda miti atachimba shimo kwa sababu ameagizwa, na mche utakauka mbele yake bila kumuuma.

Napendekeza tuta moja kwa kila wanafunzi watatu au wanne, wa kike na wa kiume pamoja, wachague wenyewe cha kupanda, na wavune wapeleke nyumbani. Mbegu zianze na za hapa: kunde ya majani, mgagani, mlenda, maboga. Bibi wa mtoto aalikwe aonyeshe namna ya kukausha mboga za majani ziwe nsansa, maana bustani ya Aprili isiyokaushwa haimfikii mtu Oktoba. Adhabu ya kulima ifutwe kwenye matuta hayo, na mwalimu wa zamu alijue hilo.

Kikwazo kikubwa nilichokiona ni likizo ya Juni. Shule inafungwa wakati uleule mvua zimekwisha, na wanafunzi wakirudi wanakuta vumbi. Kwa hiyo vikundi vya majadiliano vya mchana huu naomba vianze na orodha ya Juni: wiki ya kwanza anamwagilia nani, anachota wapi, na anayeikosa zamu yake analipa nini kwa wenzake.