Panki ya Kichwani na Hapana ya Moyoni

Neno letu asubuhi ya leo linatoka katika Waraka kwa Warumi, mlango wa 12, mistari miwili ya kwanza. Hapo Mtume Paulo anatusihi tusikubali kufinyangwa na ulimwengu huu, bali tumwache Mungu atugeuze kwa kuzifanya upya fikira zetu.

Hapa Kangemi wengi wetu tulilijua neno panki kwa kinyozi. Kijana hunyolewa pande zote mbili za kichwa, nywele za katikati zikaachwa zimesimama kama kishungi cha jogoo. Lakini neno hilo lilianza mbali, nalo halikuwa neno la heshima. Kwa Kiingereza lilikuwa tusi, maana yake mhuni, mtu asiye na faida. Katika miaka ya 1976 na 1977, vijana wa London, wengi wao bila kazi wala tumaini, walilichukua tusi hilo wakajiita kwalo. Walivaa nguo zilizochanika na kuzifunga kwa pini. Walipiga magitaa kwa kelele hata kama hawakufundishwa na mtu. Mwaka 1977, Uingereza iliposherehekea miaka 25 ya Malkia Elizabeth katika enzi, kundi la Sex Pistols lilitoa wimbo wa kuupinga ufalme, na redio ya BBC ikakataa kuupiga. Kiini chake kilikuwa neno moja: hapana.

Hata Nairobi kelele hiyo imefika. Kundi liitwalo Crystal Axis limewahi kuimba juu ya Nyayo House, jengo ambalo watu waliteswa katika vyumba vyake vya chini katika miaka ya 1980. Tusiwacheke vijana hao. Ziko habari ambazo wazee walizinong'ona tu, nao wamezitaja kwa sauti kuu.

Lakini tazama, ndugu yangu, ulimwengu ulivyo mjanja. Siku hizi suruali hutoka kiwandani ikiwa imekwisha kuchanwa magotini, na bei yake huwa kubwa kuliko ya ile nzima. Uasi umekuwa bidhaa. Mtu aweza kununua vazi la kukataa, akalivaa mchana kutwa, na jioni akatoa kitu kidogo ili mambo yake yaende. Nywele zimesema hapana, lakini mkono umesema ndiyo. Basi, kukataa kwa kweli ni kupi?

Kanisa letu la Afrika Mashariki lina jibu katika historia yake. Mwaka 1937 ujumbe wa Uamsho kutoka Rwanda na Uganda ulifika hapa jirani, Kabete. Watu wa Uamsho waliitwa Balokole, neno la Kiganda, maana yake waliookoka, na mara nyingi waliitwa hivyo kwa dhihaka. Mwaka 1941, katika Chuo cha Bishop Tucker huko Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Kosa lao lilikuwa kuendelea kuamka alfajiri kuomba na kuhubiri, hata baada ya kukatazwa na mkuu wa chuo. Kisha, katika miaka ya 1950, ndugu wa Uamsho wa nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kushika bunduki za serikali ya mkoloni. Walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa.

Nguvu hiyo waliipata wapi? Hawakuanza kwa kuwakemea wakubwa. Walianza kwa kuungama dhambi zao wenyewe mbele ya watu. Aliyeiba alirudisha alichoiba. Hapana yao kwa ulimwengu ilizaliwa na ndiyo yao kwa Kristo. Mtu aliyekwisha kuweka dhambi yake nuruni ni vigumu kumnunua, na ni vigumu kumtisha.

Janani Luwum aliokoka katika Uamsho huo mwaka 1948, na baadaye akawa Askofu Mkuu. Mwezi Februari 1977, mwaka ule ule wa kelele za London, yeye na maaskofu wenzake wa Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na dhuluma. Tarehe 16 mwezi huo Luwum aliuawa. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Kichwani hakuwa na panki. Alikuwa na joho la uaskofu na dhamiri safi.

Msikilizaji mpendwa, jambo hili linagusa mabenchi yetu. Katika usharika mmoja ninaoujua, kijana wa darasa la kipaimara, mwenye panki, aliinuliwa kutoka benchi la mbele akaketishwa nyuma karibu na mlango. Benchi lile lilikuwa limewekewa mheshimiwa aliyetazamiwa kuleta mchango wa mabati. Soma Waraka wa Yakobo mlango wa 2, uone kama jambo hilo halikuandikwa zamani: mwenye pete ya dhahabu apewa kiti kizuri, maskini aambiwa akae chini. Yakobo asema huko ni kuhukumu kwa mawazo mabaya. Siku ile, kati ya kijana na wazee, ni nani aliyefinyangwa na ulimwengu?

Mwezi Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa mimbari. Ilikuwa hapana njema. Mwezi Juni 2024, vijana wetu walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na wengine hawakurudi nyumbani. Vijana hao wanalitazama Kanisa. Wanataka kujua kama sisi tuna bei.

Nawe kijana, nakuambia kwa upendo: nywele zako si dhambi, wala si ushujaa. Siku utakapoombwa hongo, siku rafiki zako watakapokuita kupora duka la mama mjane katikati ya maandamano, hapo ndipo itakapojulikana kama wewe ni mtu wa kukataa kweli.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekataa falme zote alizokuonyesha Shetani, utusafishe kwanza sisi wenyewe. Uyafungue mabenchi yetu ya mbele kwa wadogo wako. Utupe kusema hapana bila chuki, na ndiyo kwako bila hofu. Amina.