Tufundishe watoto uchaguzi kwa vitu tulivyo navyo

Mazungumzo na walimu, wazazi na vijana katika mkutano wa chama, Baraka



Komite ya chama iliniomba niseme juu ya vifaa vya kufundishia watoto mambo ya uchaguzi na serkali. Kazi yangu inanipitisha kwenye mashule mengi ya hapa Fizi, na kila mahali nasikia neno moja: "Hatuna vitabu." Ni kweli, havipo. Lakini leo sikuja na karto la vitabu. Nimekuja kusema kwamba vifaa vya kwanza tuko navyo tayari. Na jambo kubwa la kumfundisha mtoto si namna ya kutia kidole kwenye wino. Ni kujua maulizo matatu: huyu kiongozi ametiwa na nani? Anajibu kwa nani? Na nani anaweza kumtoa?

Kwa nini sisi turudio tujali zaidi? Hesabu ni nyepesi. Uchaguzi uliopita ulikuwa tarehe 20 Desemba 2023, na muhula ni miaka 5. Mtoto aliyekuwa na miaka 13 siku ile, uchaguzi unaofuata atakuwa na 18. Wengi wa hao wamezaliwa Tanzania, Nyarugusu. Wamesoma programu ya Kongo kambini, ndiyo, lakini serkali waliyoisikia kwenye radio kila siku ilikuwa ya Tanzania. Pale mkuu wa mkoa anatiwa na Rais. Hapa guvernere anachaguliwa na madepite wa jimbo. Na hata neno lenyewe linawachanganya: Tanzania "jimbo" ni sehemu ya mbunge mmoja, kwetu "jimbo" ni provensi nzima. Mwalimu asimcheke mtoto huyo. Amuambie alinganishe zile inchi mbili mbele ya darasa. Huyo mtoto ni kifaa cha kwanza, na hana bei.

Kifaa cha pili ni Katiba. Ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006, iko na vifungu 229. Hakuna mtoto atakayevisoma vyote, na si lazima. Mwalimu achague sita, aviandike kwa makala nyuma ya kalandrie za zamani, avitundike ukutani. Mimi ningechagua hivi: kifungu cha 5, mamlaka ni ya raia, na kura ni ya siri kwa aliyetimiza miaka 18. Cha 10, uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Cha 43, shule ya msingi ya serkali ni ya lazima na ni ya bure. Cha 45, serkali iko na wajibu wa kueneza na kufundisha Katiba. Cha 70, Rais anachaguliwa kwa miaka 5, na anaweza kurudilia mara moja tu. Cha 220, idadi na urefu wa mihula ya Rais ni kati ya mambo yasiyoruhusiwa kubadilishwa.

Vikisomwa kwa Kifaransa, visomwe pia kwa Kiswahili. Si kwa kuwahurumia watoto. Kifungu cha kwanza kinataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, na cha 142 kinaiagiza serkali kutangaza sheria katika lugha hizo.

Na wazazi wanaosema "Acheni hiyo mambo ya politiki, itatuletea matata", wasomeeni kile cha 45. Kufundisha Katiba si politiki ya chama fulani. Ni kazi ambayo sheria yenyewe imeagiza.

Kifaa cha tatu ni kamba. Chukueni kamba za kufungia mizigo na vipande vya karto. Mtoto mmoja avae karto "Raia", mwingine "Depite wa taifa", mwingine "Depite wa jimbo", "Seneta", "Guvernere", "Rais", "Waziri wa kwanza", "Administratere wa teritware", "Shefu wa grupema". Kisha kila aliyechaguliwa ashike kamba inayotoka kwa yule aliyemchagua. Raia atajikuta na kamba ya Rais, ya depite wa taifa na ya depite wa jimbo. Guvernere na seneta, kamba zao zinatoka kwa madepite wa jimbo. Waziri wa kwanza anatiwa na Rais, lakini anatoka upande wa wale walio wengi bungeni, na Bunge la taifa linaweza kumuangusha pamoja na serkali yake. Administratere kamba yake inatoka kwa Rais. Shefu wa grupema anatoka kwenye mila.

Hapo watoto wenyewe wataanza kuuliza. "Mwalimu, kama guvernere hatengenezi barabara, sisi tunavuta wapi?" Jibu liko mkononi: vuta depite wako wa jimbo, yeye ndiye ameshika ya guvernere. Na wataona kitu kingine. Raia wa Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja hana kamba ya shauri la sekta. Sheria inaandaa uchaguzi wa mashauri ya sekta, lakini mwaka 2023 kura ya ngazi ya chini ilipigwa kwa mashauri ya komine tu, tena katika miji mikubwa ya majimbo. Mwalimu asifiche jambo hilo, wala asilitukane. Aache karto "Shauri la sekta" ilale chini bila kamba. Watoto watalikumbuka.

Kifaa cha nne ni uchaguzi wa shefu wa kalasi. Mashule mengi mwalimu anachagua tu mtoto mrefu ao mwenye akili. Sasa tufanye vizuri. Kwanza liste ya wachaguzi itundikwe siku tatu mbele, kila mtoto atafute jina lake. Aliyekosa alalamike kabla, si siku ya kura. Wakandida waseme juu ya jambo moja la kweli: maji ya kunawa kwenye vyoo, ao zamu ya kufagia. Kitenge kitundikwe kwenye kona, ndiyo chumba cha siri. Sanduku ni karto la sabuni, lifunguliwe wazi mbele ya wote waone ni tupu. Kila mkandida aweke shahidi wake. Kura zihesabiwe kwa sauti, alama zitiwe kwenye tablo, mashahidi watie saini, na karatasi ya matokeo ibandikwe mlangoni.

Hiyo karatasi ya mlangoni ndiyo somo lenyewe. Sheria yetu inataka matokeo ya kila biro ya kura yabandikwe pale pale. Mtoto aliyezoea kuisoma kalasini, akiwa mkubwa hatangoja kuambiwa na mtu wa barabarani nani ameshinda. Ataenda kusoma, ataandika kwenye daftari yake, atalinganisha.

Baada ya hapo mwalimu wa hesabu aingie. Tuseme darasa ni la watoto 40: mmoja amepata kura 17, wa pili 14, wa tatu 9. Kwa sheria ya sasa ya uchaguzi wa Rais, tangu Katiba ilipobadilishwa Januari 2011, duru ni moja: mwenye 17 ameshinda, hata kama watoto 23 hawakumtaka. Kwa sheria ya mwaka 2006 wangerudi kwa duru ya pili, 17 na 14, na wale 9 ndio wangeamua. Wapigisheni kura zote mbili, waone kama matokeo yanageuka. Ipi ni nzuri zaidi? Wabishane. Duru ya pili inagharimu pesa na muda. Duru moja inaweza kumpa kiti mtu asiyetakiwa na wengi. Msiwape jibu.

Na kama mkandida mmoja ataleta biskuti? Ataleta tu, watoto wameona wakubwa. Msimpige. Muulizeni mbele ya darasa: biskuti imekwisha kwa dakika ngapi, na ushefu wako utadumu miezi mingapi?

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo tunaisahau. Baada ya mwezi mmoja, shefu wa kalasi asimame, aeleze: nilisema maji ya kunawa, je yako wapi? Na darasa liwe na ruhusa ya kumtoa kwa kura, kwa kanuni walizoandika mbele ya uchaguzi, si kwa kelele. Uchaguzi bila siku hiyo ya kujibu ni sikukuu tu. Kambini wakimbizi walichagua viongozi wao pia, na wengi kati yenu mnajua tofauti ya kiongozi aliyerudi kueleza na yule aliyepotea na daftari la mgao.

Kuna mipaka mitatu, na hapa hapana mchezo. Hakuna jina la mwanasiasa aliye hai kwenye mchezo wa kura. Hakuna rangi wala wimbo wa chama cha politiki shuleni. Na hakuna kugawa makundi kwa kabila. Mkiona watoto wanapiga kura kwa kabila, simamisheni somo, mlizungumze siku hiyo hiyo. Fizi imelia vya kutosha kwa jambo hilo.

Wazazi, kwenu nina neno moja la mwisho. Somo zuri namna gani halitamsaidia kijana ambaye jina lake haliko kwenye liste. Watoto waliozaliwa uhamishoni, wengi hawana cheti cha Kongo cha kuzaliwa. Asiyekuwa nacho kwa wakati anapita tribinali, inatoa hukumu inayochukua nafasi ya cheti. Inachukua muda na makuta, kwa hiyo tusingoje mwaka wa uchaguzi. Na mnajua wenyewe, karte ya uchaguzi kwetu si ya kura tu: ndiyo tunayoonyesha kwenye bariere, kwenye banki, kwenye kivuko. Kijana asiyekuwa nayo anaulizwa kila siku kama yeye ni wa hapa.

Kwa hiyo naomba chama mambo matatu mbele ya mkutano ujao. Kila shule ipate nakala moja ya Katiba. Pesa ya kufotokopi itoke kwenye kasha letu. Kila mwalimu aliye hapa afanye uchaguzi wa kalasi, atuletee karatasi ya matokeo tuione. Na kila mzazi atuambie mtoto wake gani hana cheti, tuandike liste, tuifuate pamoja kwa tribinali. Liste hiyo nitaianzisha leo, niko kwenye meza ile karibu na mlango.

Sasa ni zamu yenu, leteni maulizo.