Kila Doa Lina Sababu: Jinsi Tunavyozeesha Treni za Mabati

(Mazungumzo ya kikundi cha vijana mafundi mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Wengine wenu mmeona sanduku letu mkadhani tumeleta vitu vya kuchezea watoto. Siyo. Hizi ni treni ndogo za kuweka kabatini, na ndizo zinazotusaidia kulipa karo.

Tuko watu 7. Tunaokota mikebe ya mafuta ya kupikia, tunaikata na kuilehemu, tunapata vichwa vya treni na mabehewa ya mizigo. Kipimo chetu ni rahisi: mita 1 ya treni ya kweli ni sentimita 2 kwetu. Reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu ina upana wa mita 1, basi magurudumu yetu yameachana sentimita 2.

Mwanzoni tulikosea. Tulitengeneza mabehewa 30, tukayapaka rangi yakang'aa kama sufuria mpya. Mnunuzi wa mjini akayaangalia, akasema, "Haya ni ya watoto." Akayarudisha yote. Na ile pesa ya rangi ilikuwa akiba ya kikundi! Siku hiyo nusura tuachane.

Mzee mmoja jirani yetu, aliyefanya kazi reli miaka mingi, ndiye aliyetuokoa. Alituuliza, "Mmewahi kusimama mkaiangalia treni ya mizigo?" Tumezaliwa kando ya reli, lakini kumbe hatukuwa tumeiangalia. Tukaanza kwenda na daftari. Tulichanga nauli pia, tukaenda Makumbusho ya Reli kule Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Huko iko injini ya mvuke nambari 5918, Mount Gelai, moja kati ya 34 zilizoundwa Uingereza mwaka wa 1955 na 1956. Zote zilipewa majina ya milima.

Tulijifunza jambo moja kubwa: kila doa lina sababu. Masizi hutoka kwenye bomba la moshi, kwa hiyo hukaa juu. Vumbi hurushwa na magurudumu, kwa hiyo hukaa chini, na ukifika Tsavo ni jekundu. Kutu huanzia pale maji yanaposimama au rangi ilipokwaruzwa. Behewa la kubeba soda ya Magadi huwa na weupe unaoanzia juu, pale linapojaziwa, ukateremka ubavuni. Ukipaka uchafu ovyo ovyo, mtu aliyezoea treni atajua mara moja.

Sasa tunafanya hivi:

1. Tunaosha bati kwa sabuni, tunalipiga msasa, tunapaka rangi ya kwanza. Tunaiacha ikauke kabisa.

2. Tunachanganya rangi nyeusi na kahawia kidogo na tina nyingi, iwe nyepesi kama strungi. Tunapaka, kisha tunapangusa kwa kitambaa kutoka juu kwenda chini, kwa sababu mvua nayo huteremka. Jaribuni kwanza kwenye kipande cha bati, maana tina yaweza kung'oa rangi ya chini.

3. Tunachovya brashi, tunaifuta kwenye karatasi hadi ikaribie kukauka, halafu tunagusa kona na vishikio tu. Hapo ndipo mikono ya watu husugua.

4. Tunasaga makaa, chaki na udongo mwekundu, tunachekecha kwa kitambaa. Unga huo tunaupaka kwa brashi laini.

5. Mwisho ni vanishi isiyong'aa, nyembamba. Vanishi hufifisha ule unga, kwa hiyo tunaongeza kidogo tena pale inapohitajika.

Tahadhari, tafadhali. Tina itumieni nje, mbali na moto. Wakati wa kusaga, funikeni pua. Lehemu nyingi ina risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Nawa mikono kabla ya kula, na watoto wasikaribie.

Na mjue kuacha mapema. Uchafu ukizidi, hata ile kazi ya mkasi haionekani.

Kuna jambo lingine tunataka kuwaambia. Baada ya kazi yetu kuwa nzuri, alikuja mfanyabiashara. Alitaka tufute alama yetu, ati aziuze kama vitu vya wakati wa ukoloni. Angetulipa mara tatu. Tulibishana usiku kucha, kwa maana wawili wetu walikuwa na watoto waliofukuzwa karo. Mwishowe tulikataa. Tulisema kuzeesha ni ufundi, lakini kumwambia mtu kitu cha juzi ni cha babu yake ni wizi. Huyo mnunuzi tulimpoteza, na ile karo tulichangishana polepole. Tangu siku hiyo, chini ya kila behewa tunaandika mwaka lilipotengenezwa.

Basi, kama kikundi chenu kinafinyanga vyungu au kinasuka vikapu, nendeni kwanza mkakiangalie kitu chenyewe, tena mumtafute mzee aliyekitumia. Sisi ushauri ule haukutugharimu hata senti, na ulikuwa karibu siku zote.

Sasa tunafungua sanduku. Njooni mguse, halafu mtuulize maswali.